Nashika simu nitazame saa, naiweka chini dakika 40 baadaye: nifanyeje?

Swali: Mtaalamu, simu yangu inanichosha kwa namna mbili. Kwanza, kila siku inaniambia nafasi imejaa, na inaganda hasa nikiwa na haraka. Pili, naishika nitazame saa tu, nikija kushtuka dakika 40 zimeishia kwenye video. Programu hizo nimezifuta mara tatu, na mara tatu nimezirudisha. Kazi yangu inategemea WhatsApp na barua pepe, kwa hiyo kuachana na simu haiwezekani. Mimi natumia Android, mke wangu iPhone, naye analalamika hivyohivyo. Tuanzie wapi?

Jibu: Watu wengi hutenganisha malalamiko haya mawili: la kwanza hulipeleka kwa fundi, la pili huliona kuwa udhaifu wao wenyewe. Ningekushauri uyashike pamoja, kwa sababu moja hulilisha jingine. Tazama kinachotokea simu inapoganda. Umefungua barua pepe ya kazini, kiambatisho hakifunguki, kiduara kinazunguka. Sekunde tatu, nne, tano. Kidole hakikai bure: kinarudi kwenye skrini ya kwanza, kinagusa aikoni iliyo karibu, na kiambatisho kinapokuwa tayari wewe hupo tena. Simu nzito hukuletea vipindi vidogo vya kusubiri kutwa nzima, na kila kipindi ni mlango wa kutokea. Ndiyo maana naanza na ufundi, tabia baadaye.

Lakini kabla ya yote, pima. Siku 7, bila kubadili chochote. Kwenye Android fungua Mipangilio, kisha Nidhamu Dijitali. Utaona muda wa kila programu, idadi ya arifa, na mara ngapi umefungua simu. Kwenye iPhone ya mkeo sehemu hiyo inaitwa Screen Time, ipo tangu 2018, nayo ina jambo moja la thamani sana: huonyesha ni programu ipi iliyofunguliwa kwanza simu iliposhikwa. Jumla ya saa iacheni, maana hukutia aibu tu bila kukuonyesha pa kushika. Unachotafuta ni mara ngapi mkono umekwenda kwenye simu, na umeingilia mlango gani. Kwa upande wako chukua karatasi, na kwa siku moja tu andika kila unapoishika: saa ngapi, ulikuwa unafuata nini, ulifungua nini kwanza. Usishangae ukikuta milango ni miwili au mitatu tu, na mmojawapo ni kitu kisicho na hatia kabisa: saa, tochi, au ujumbe wenye namba za uthibitisho. Kwako wewe mmoja tunaujua tayari, nao ni saa.

Nafasi iliyojaa

Hifadhi ya simu ni memori ya aina ya flashi. Haiandiki juu ya kilichokuwapo. Ni lazima ifute kwanza kipande kizima, ndipo iandike kipya. Nafasi ikiwa tele, kazi hiyo hufanyika kimyakimya simu ikiwa imetulia. Ikibaki asilimia 2 au 3, simu hulazimika kuhamisha vitu, kufuta na kuandika papo hapo, wewe ukiwa umeikodolea macho. Acha walau asilimia 15 iwe tupu. Kwa simu ya GB 64 hiyo ni kama GB 10.

Mtu anayefanyia kazi kwenye WhatsApp aanzie hapohapo. Ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya hifadhi na data, kisha pale pa kusimamia hifadhi. Utakuta mafungu mawili yameshatengwa: mafaili yanayozidi MB 5, na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Yapange kwa ukubwa ufute kuanzia juu. Video kumi za juu huweza kukurudishia nafasi kuliko picha elfu moja, kwa hiyo usipoteze jioni nzima ukichambua picha moja moja. Ukimaliza, funga bomba: katika sehemu hiyohiyo ya hifadhi na data, ondoa alama ya kupakua picha, sauti, video na nyaraka kiotomatiki, kwa data ya simu na kwa Wi-Fi pia. Halafu, kwenye mipangilio ya mazungumzo, zima ule uonekanaji wa media ili picha za makundi zisimwagike kwenye albamu yako. Ukifuta bila kufunga bomba, baada ya wiki chache utakuwa palepale ulipoanzia.

Mambo manne huwaharibia watu kazi hii. La kwanza ni pipa la taka: picha ulizofuta hazijaondoka. Kwenye Google Photos zile zilizohifadhiwa mtandaoni hukaa humo siku 60, na ambazo hazikuhifadhiwa hukaa 30. Kwenye iPhone ni siku 30. Usipomwaga pipa, nafasi hairudi leo. La pili ndilo linalouma zaidi. Ukifuta picha ndani ya Google Photos zikiwa zimeshapandishwa mtandaoni, unazifuta simuni na mtandaoni kwa pamoja. Kama nia yako ni kuondoa nakala ya simuni tu, tumia kitufe cha kuongeza nafasi, ambacho huacha nakala ya mtandaoni. Mkeo naye akiwa anatumia picha za iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, picha anayoifuta kwenye simu inafutika kwenye vifaa vyake vyote. La tatu: kwenye Android, kufuta akiba ya muda ya programu ni salama kwa kuwa hutengenezwa upya, lakini kufuta data ya programu ni kuirudisha ilivyokuwa siku ulipoipakua, na itakutoa kwenye akaunti. Vitufe hivyo viwili huwa jirani, kwa hiyo soma kabla ya kugusa.

La nne ni ile mazoea ya kufungua orodha ya programu za karibuni na kuzifagia zote kila baada ya dakika chache. Haisaidii. Mfumo wa simu una utaratibu wake wa kugandisha programu usizozitumia, na ukizifagia kwa mkono zitaanza upya kutoka sifuri mara utakapozihitaji, zikila betri na muda zaidi. Ifunge ile tu iliyokwama. Kuizima simu na kuiwasha upya mara moja kwa wiki kunafaa zaidi ya kufagia huko kote.

Na inapoganda katikati ya malipo, ondoa kidole kabisa. Miguso inaweza kupanga foleni, na fedha ikaenda mara mbili. Subiri, toka, fungua orodha ya miamala, uthibitishe kama ya kwanza imepita kabla hujarudia.

Kwa nini mkono unakwenda wenyewe

Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha katikati ya karne ya 20 kwamba njiwa akipewa punje baada ya idadi ya kudonoa isiyotabirika, hudonoa kwa kasi na kwa ukaidi, na huendelea muda mrefu hata punje zikishakoma. Yule anayepewa kwa idadi maalumu huacha mapema. Sasa tazama kidole gumba chako kinavyovuta skrini chini ili ijisasishe. Kiduara kinazunguka kidogo. Pengine kuna ujumbe wa mtu unayemsubiri, pengine hakuna chochote. Kama kungekuwa na kitu kila mara, au kusiwe na kitu kabisa, ungechoka upesi. Hiyo "pengine" ndiyo inayokushika.

Zamani kurasa zilikuwa na mwisho. Unafika chini, unakuta kitufe cha ukurasa wa pili, na katika kukitafuta unapata nafasi ya kujiuliza kama bado unataka kuendelea. Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alitengeneza ukurasa unaojiongeza wenyewe kadiri unavyotelezesha, na miaka ya baadaye alisema hadharani kwamba anaujutia. Video zinazojicheza zenyewe moja baada ya nyingine ni mwendo huohuo. Nakueleza haya ili uache kujilaumu kwa zile mara tatu. Ulikuwa ukipambana kwa nia tupu na kitu kilichoondolewa breki. Kazi yetu ni kuzirudisha breki, moja moja, kwa mikono.

Breki ya kwanza: arifa

Kanuni ninayoishikilia ni fupi: binadamu anayekuandikia wewe binafsi aruhusiwe kupiga kengele, mashine zinyamaze. "Fulani ameweka picha mpya" ni mashine. "Punguzo linaisha leo" ni mashine. "Hujatutembelea siku nyingi" ni mashine, tena yenye kubembeleza.

Usiingie kwenye mipangilio kuzichambua programu zote 80, utachoka kwenye ya 12. Acha zijilete. Kwa siku nne, kila arifa inapoingia, ibonyeze na kuishikilia. Simu itakupa nafasi ya kuizima au kuifanya ya kimya papo hapo. Tangu Android 8 ya mwaka 2017 arifa za programu hugawanywa katika mafungu, kwa hiyo unaweza kuacha taarifa za mzigo unaoletewa ukazima matangazo ya programu hiyohiyo, ilimradi waliotengeneza programu wameyatenga. Na tangu Android 13 ya 2022, programu mpya hukuomba ruhusa kabla ya kutuma arifa. Jibu la kawaida liwe kukataa. Ukiihitaji utairuhusu baadaye.

Kwenye iPhone, tangu mwaka 2021 kuna muhtasari wa arifa unaoweza kupangiwa saa, mathalani saa 6 mchana na saa 12 jioni. Mkeo auweke, kisha azime na ile namba nyekundu juu ya aikoni. Wengi huzima mlio wakaiacha namba hiyo, nayo hufanya kazi ya mlio bila sauti: jicho likiiona, kidole kinaifuata.

Makundi ya WhatsApp yanyamazishwe kwa chaguo la daima. Lile la muda wa saa nane tu litakurudisha kwenye mapambano yaleyale kesho. Yale yasiyo ya kazi yaweke kwenye kumbukumbu. Siku hizi yakishawekwa huko hubaki huko hata ujumbe mpya ukiingia, mradi hujabadilisha mpangilio huo.

Hofu kubwa ni kukosa simu ya dharura, na hofu hiyo ni halali. Hali ya Usinisumbue ina tundu lake. Weka nyota kwa majina ya watu wako wa karibu na uwaruhusu wapite. Washa pia ruhusa ya wanaopiga tena: kwenye Android, mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia, kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3. Waambie wa nyumbani utaratibu huo, kwa sababu usipowaambia watapiga mara moja, watulie, wakae wakisubiri.

Breki ya pili: ile milango

Saa ni rahisi kuliko unavyodhani: nunua saa ya mkononi. Na saa ya kengele ya mezani. Halafu ficha arifa zisionekane simu ikiwa imefungwa, ili hata ukiigusa kwa bahati mbaya ukute kioo kitupu. Tochi igeuze njia ya mkato isiyohitaji kufungua simu. Namba za uthibitisho ziruhusu zijijaze zenyewe, maana safari ya kwenda kwenye ujumbe kusoma tarakimu sita na kurudi imewapoteza wengi njiani.

Skrini ya kwanza ibaki na vitu vya kazi yenye mwisho: simu, ujumbe, kamera, kalenda, ramani. Kitu chochote ambacho huwezi kusema "nimemaliza" kiondoke hapo. Kikihitajika, andika jina lake kwenye kitafutio. Herufi nne ni kazi ndogo, lakini ni kazi inayokufanya utamke nia yako, na mara nyingi utaishia herufi ya pili ukagundua hukuwa na nia yoyote.

Sasa kuhusu kufuta na kurudisha. Tatizo lako halikuwa kufuta, ni kwamba kurudi kulikuchukua sekunde 30: pakua, simu ikakumbuka neno la siri, ukawa ndani. Kwa hiyo safari hii usikimbilie kufuta. Ingia kwenye akaunti, badilisha neno la siri liwe refu, herufi na tarakimu 20 zisizo na maana, uliandike kwenye karatasi, kisha toka. Simu ikikuuliza ihifadhi, kataa. Na kama ilishahifadhi la zamani, lifute kwenye orodha ya maneno ya siri. Karatasi ikae mahali usipokuwa saa za udhaifu wako, mathalani kazini kama unadhoofika usiku. Ndipo ufute programu. Kabla ya yote hayo hakikisha barua pepe na namba ya kurejeshea akaunti ni sahihi, la sivyo karatasi ikipotea na akaunti imepotea. Ukitaka kuingia, ingia kupitia kompyuta. Hujajifungia nje kabisa, umeuongeza mlango uzito.

YouTube kwenye simu nyingi za Android haifutiki kwa kuwa imekuja na simu. Unaweza kuizima tu. Ukiihitaji kwa kujifunzia, iache, lakini zima historia ya ulichotazama na ufute iliyopo. Tangu 2023, historia ikizimwa na kufutwa, ukurasa wa kwanza hubaki mtupu bila mapendekezo. Unabaki na kisanduku cha kutafutia, na hicho ndicho ulichokuwa unakihitaji. Zima na swichi ya kujicheza yenyewe, iliyo juu ya video inapocheza.

Vikomo vya muda navitaja kwa tahadhari. Kwenye Android, kikomo cha Nidhamu Dijitali hujirudia kila usiku wa manane na unaweza kukiondoa kwa miguso michache. Kwa hiyo ni ukumbusho, usikitegemee kama ukuta. Kwenye iPhone kinaweza kuwa ukuta, ilimradi mkeo awashe kuzuia mwisho wa muda na wewe ndiye uweke namba ya siri. Bila hilo, kitufe cha kupuuza kitajitokeza, na baada ya siku chache kidole kitakuwa kinakigusa kabla jicho halijasoma. Kugeuza skrini iwe nyeusi na nyeupe huwafaa baadhi ya watu, hasa wanaonaswa na picha. Kasoro yake ni kwamba siku utakapohitaji rangi kwa kazi utaiondoa na kusahau kuirudisha, kwa hiyo itengenezee njia ya mkato.

Usiku

Hapa nina msimamo mkali: chaji isiwe chumbani. Chukua chaja, ichomeke jikoni au sebuleni, na iwe hiyo tu. Ya pili itarudi kitandani. Vichujio vya mwanga wa bluu siviwekei tumaini kubwa. Kinachokunyima usingizi zaidi ni ulichosoma na ubishi ulioingia nao kitandani, na ubishi haubadiliki kwa kioo kugeuka rangi ya chungwa. Siku tatu au nne za kwanza utapapasa mezani gizani. Weka kitu pale mkono ulipozoea kwenda, kitabu cha karatasi au daftari, kwa kuwa mahali patupu patakukumbusha simu.

Kuna kero moja ndogo nisiipite: maneno ya siri yaliyosahaulika, ambayo hukukatiza kazini na kukurusha kwenye barua pepe, na huko kuna mengine. Tumia programu moja ya kutunza maneno ya siri kwa akaunti zote, isipokuwa zile ulizojifungia kwa makusudi. Huna haja ya kuyabadilisha kila baada ya miezi mitatu. Hata taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kushauri hivyo mwaka 2017. Badilisha pale tu limevuja. Google hutoa namba 10 za akiba za kuingilia. Zichapishe, zikae na vyeti vyako.

Kama kinachokuvuta ni kamari ya simu, au umeshakosa usingizi na kazi kwa wiki kadhaa, haya niliyoandika hayatoshi. Mwone mshauri nasaha, na uiulize benki yako kama inaweza kuzuia malipo ya kamari kwenye kadi.

Usifanye yote kwa siku moja. Wiki ya kwanza pima. Ya pili, nafasi na arifa. Ya tatu, saa ya mkononi, chaja na skrini ya kwanza. Karatasi ya neno la siri iwe ya nne, ukiona bado inahitajika. Baada ya siku 14 za mpangilio mpya rudi kwenye idadi ya mara ulizofungua simu, na ulinganishe na ile ya wiki ya kwanza. Ikiwa haijashuka, usiongeze ukali. Rudia karatasi ya siku moja, kwa sababu kuna mlango mmoja haujauona bado, na utauona kwenye mstari unaojirudia.